Motere ikizima katikati ya ziwa: maulizo matano kabla ya kuvuta kamba tena

Tulikuwa tumetoka Idjwi asubuhi, tunaelekea Minova. Boti ya mbao, motere moja nyuma, watu zaidi ya ishirini, mifuko ya kahawa, ananasi, na kuku wawili waliofungwa miguu chini ya benchi. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ndani ya sahani. Kiisha nusu saa hivi, motere ikaanza kupunguza sauti pole pole, sawa mutu mwenye usingizi. Ikakohoa mara mbili. Ikazima.

Mwenye hajapata hiyo hawezi kujua namna ukimya ule ulivyo mzito. Dakika moja nyuma watu walikuwa wanapiga kelele ili wasikilizane. Sasa hata kuku tulikuwa tunawasikia wanapumua. Kapiteni, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, akashika kamba akavuta. Akavuta tena. Nilianza kuhesabu, nikaacha kwa thelathini. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, mkono umeanza kutetemeka. Upepo ukaamuka, boti ikageuka ubavu, na mama mmoja mbele akaanza kuomba kwa sauti. Pagai ilikuwa moja tu, tena imepasuka.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mfuko wa kahawa akasema, bila kusimama:

— Mwana, acha kwanza kuvuta. Unaichokesha na wewe mwenyewe unajichokesha. Kamata ile mupira ya esanse. Iko namna gani?

— Iko imebandikana, papa.

— Sasa angalia kizibo cha tanki.

Kapiteni akageuza kile kisukurubu kidogo kilicho juu ya kizibo. Sote tukasikia: fyuuu. Hewa ilikuwa inaingia ndani ya tanki. Akakamua ule mpira mara sita, saba, mpaka ukawa mgumu mkononi. Akavuta kamba mara moja, ya pili, na motere ikawaka. Mama yule akaendelea kuomba, lakini sasa ilikuwa maombi ya shukrani.

Hakuna kitu kilichokuwa kimevunjika. Mtu alifunga tundu la hewa asubuhi wakati wa kupakia, ili esanse isimwagike, na hakuna aliyekumbuka kulifungua. Motere ilinyonya esanse, tanki ikakosa hewa ya kujaza nafasi, esanse ikakataa kuja. Watu zaidi ya ishirini walibebwa na upepo kwa karibu nusu saa juu ya kitu kinachogeuzwa kwa vidole viwili.

Tulipofika Minova nilimfuata yule mzee. Ni fundi wa motere tangu miaka mingi, na hakutaka jina lake liandikwe hapa. Lakini alikubali kunieleza namna anavyofikiri mbele ya motere iliyozima. Ninaandika alichonieleza, pamoja na yale niliyoyaona tena na tena ku garaji za kando ya maji, juu jambo hili linatuhusu wengi.

Ziwa ndiyo barabara

Katika Kivu, boti si jambo la kutembea tu. Mwaka 2024, vita ilipokata barabara ya Goma mpaka Minova upande wa Sake, maharagi, mihogo, ndizi na watu vyote vilipita majini. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na kivuko cha Kituku, pale Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanaingojea. Ile haikuwa hadisi ya buji wala ya esanse: ilikuwa imejaa kupita kiasi. Lakini inatukumbusha jambo moja: boti nzito inahitaji motere inayotii. Motere ikizima, kapiteni hawezi tena kuelekeza pua ya boti kwenye mawimbi. Boti inageuka ubavu, na mawimbi yanapiga pale ambapo mbao ziko chini.

Tena usidanganyike kwamba utatupa nanga na kungojea. Ziwa Kivu lina vilindi vya zaidi ya mita 450. Kamba ya nanga ya boti zetu ni ya mita ishirini, thelathini. Mbali na ufuko, nanga ni uzito tu wa kubeba.

Maulizo matano

Kosa la kwanza la vijana, yule fundi anasema, ni kuvuta kamba kabla ya kufikiri. Kosa la pili ni kukimbilia buji kila mara, kwa sababu buji ndiyo kitu wanachojua kufungua. Yeye anaenda kwa mpango, toka kwa kitu chepesi kufika kwa kigumu, na anauliza motere kama vile muganga anavyouliza mgonjwa. Unakula? Unawaka? Unapumua? Unakunywa maji? Unashika?

Lakini kabla ya maulizo yote, angalia vitu viwili ambavyo vinahaibisha hata wakubwa. Cha kwanza ni ile kamba nyekundu ya usalama, ambayo kapiteni anapaswa kujifunga mkononi au kwenye nguo. Ikitoka mahali pake, motere haina moto, hata ukivuta mpaka kesho. Cha pili ni gia: motere nyingi zinakataa kuwaka kama gia haiko katikati. Nimeona watu wakifungua motere nzima, kumbe goti la msafiri limegusa mkono wa gia.

Unakula?

Mara nyingi, motere inayokufa katikati ya safari ni motere yenye njaa. Mpira wa kukamua, ule ulio katikati ya bomba la esanse, ndio unaotoa jibu. Kapiteni anapaswa kuushika mara motere inapozima, si dakika kumi nyuma.

Kama mpira umebandikana, yaani umenyonywa ukawa bapa, kuko kizuizi nyuma yake, upande wa tanki. Tundu la hewa limefungwa, au bomba limekunjwa na mfuko wa mtu, au uchafu umeziba mahali pa kunyonyea.

Kama mpira ni laini na haukubali kuwa mgumu hata ukikamua sana, basi hewa inaingia mahali fulani: bomba limepasuka, kifungo cha kuunganisha hakikukazwa, ao tanki imekwisha. Angalia pia mshale ulioandikwa juu ya mpira. Unapaswa kuelekea motere. Ukiuweka kinyume, utakamua bure.

Na kama motere inawaka wakati unakamua, kiisha inakufa ukiacha? Hapo pompi ndogo ya esanse imechoka. Mara nyingi ni ile ngozi yake nyembamba iliyotoboka. Kwenye ufuko, ibadilishe. Lakini katikati ya ziwa usikate tamaa: mtu mmoja akae akamue pole pole, na motere itawafikisha. Yule fundi aliwahi kurudi namna hiyo na kijana wake, wakipokezana mikono.

Kuko tena ugonjwa wa maji ndani ya esanse. Huu tunaujua sana, juu wengi tunanunua kwa Kadhafi kando ya barabara, ndani ya bido ambayo haijulikani ilibeba nini jana. Dalili yake: motere inawaka vizuri, inatembea dakika chache, inakohoa, inazima, ukingoja kidogo inawaka tena, kiisha inarudilia. Maji ni mazito kuliko esanse, yanalala chini ya tanki, na chini ndipo motere inaponyonya. Kupima ni rahisi. Chukua chupa safi ya kuonyesha ndani, mimina esanse toka chini ya tanki, iache itulie dakika tano. Kama kuna maji, utaona mstari, na maji yamekaa chini yake. Ile esanse usiitumie. Na kila mara unapojaza tanki, pitisha esanse kwenye chujio yenye nyuzi nyembamba sana. Kitambaa cha kitenge hakizuii maji.

Unawaka?

Kama esanse inafika, sasa tafuta moto. Fungua kifuniko cha motere kwanza na uache mvuke wa esanse utoke. Usivute sigara, wala mtu yeyote ndani ya boti asivute. Toa buji, uiangalie.

Buji yenye rangi ya kahawia kidogo, kavu, inaonyesha motere yenye afya. Buji nyeusi na yenye kulowa inasema mambo matatu: wili ni nyingi, ao hewa ni kidogo, ao moto haupiki esanse. Buji nyeupe sana, kama imechomwa, inasema motere inapata joto kupita kiasi ao esanse ni kidogo. Hiyo nyeupe ndiyo ya kuogopa zaidi, sababu pistoni inaweza kuyeyuka.

Kisha rudisha buji ndani ya kofia ya waya wake, gusisha chuma chake kwenye chuma cha motere, mbali na tundu ulilolitoa, ushike sehemu ya mpira tu, na mtu avute kamba. Cheche ya buluu, yenye sauti ya kupasuka, ni nzuri. Cheche ya manjano na dhaifu, ao hakuna kabisa: badilisha buji kwanza. Ikibaki vilevile na buji mpya, ugonjwa uko kwenye waya, kwenye kofia ya buji, kwenye bobini, ao kwenye ile kamba nyekundu tuliyoitaja. Motere ndogo za kuvuta hazihitaji batri ili ziwake. Zinajitengenezea umeme zenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia «batri imekufa ndiyo maana haivutiki», mwambie avute kamba.

Na kuko motere iliyozama kwa esanse, yaani umevuta sana na sitateri ikiwa imefunguliwa, esanse ikajaa ndani. Utaisikia harufu yake. Dawa: funga sitateri, toa buji zote, toa kamba ya usalama ili kusiwe na moto, vuta mara saba ao nane ili esanse itoke, pangusa buji, ngoja dakika kadhaa, rudisha. Kijana wetu wa siku ile, kama angeendelea kuvuta, angeongeza ugonjwa huu juu ya ule wa kwanza. Ndiyo maana mzee alimwambia aache.

Hapa kuko mtego. Motere inayotembea dakika ishirini, inazima, kiisha inawaka tena baada ya kupumzika, inaweza kuwa na magonjwa matatu tofauti: tundu la hewa limefungwa, maji ndani ya esanse, ao bobini inayoshindwa ikipata joto. Namna ya kutofautisha ni haraka. Mpira umebandikana? Ni hewa ya tanki. Mpira ni mgumu na cheche ni nzuri? Angalia maji. Mpira ni mgumu lakini cheche haiko mpaka motere ipoe? Ni bobini. Nani ataona tofauti hiyo kama alikuwa anavuta kamba tu?

Unapumua?

Vuta kamba pole pole. Unapaswa kuhisi mkono unakatazwa kidogo, kiisha unaachiliwa, kiisha unakatazwa. Hiyo ni nguvu ya pistoni ikikandamiza hewa. Kama kamba inakuja nyepesi kabisa, sawa unavuta uzi ndani ya maziwa, pete za pistoni zimekwisha ao joenti ya kichwa imeungua. Kama kamba haiji kabisa, pistoni imeshikana. Magonjwa hayo mawili hayatengenezwi juu ya maji. Kamata pagai, piga simu, na usipoteze saa nzima.

Karibiratere pia ni sehemu ya kupumua. Motere iliyolala mwezi mmoja ao miwili na esanse ndani yake inaamka na vitundu vimezibwa na uchafu wenye kunata. Inawaka kwa shida, inakufa ukipunguza mwendo, ao haipandi kwa nguvu. Mtu anayejua kwamba boti italala, atoe bomba la esanse huku motere inatembea ndani ya maji, aiache imalize esanse iliyobaki mpaka izime yenyewe. Kazi ya dakika mbili inaokoa siku nzima ya kusafisha.

Unakunywa maji?

Kando ya motere kuko tundu dogo linalotoa maji kama uzi. Vijana wanasema motere «inakojoa». Huo uzi ndio uhai. Chini, karibu na elisi, kuna kagurudumu ka mpira kenye mabawa, mafundi wanakaita turbini, kanapandisha maji ya ziwa ili yapoze chuma. Kale ka mpira kakikatika, motere inaungua.

Uzi wa maji umekuwa dhaifu, ao umepotea? Zima motere. Si baada ya kufika, ni sasa. Kwanza angalia chini kama mfuko wa plastiki haukufunika mahali pa kunyonyea. Ku vivuko vyetu hiyo ndiyo sababu ya mara nyingi. Kiisha ingiza waya mwembamba ndani ya lile tundu, maana mchanga unaweza kuliziba. Kama bado hakuna maji, turbini imekwisha. Acha motere ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi juu ya kichwa, chuma chenye moto sana kinaweza kupasuka.

Na tafadhali, wenye garaji: tuache ile tabia ya kuwasha motere kwenye nchi kavu «ili tusikie tu kama inawaka». Bila maji, ile turbini inasugua kavu na inaharibika kwa muda mfupi sana. Weka mguu wa motere ndani ya pipa la maji.

Unashika?

Motere inalia kwa nguvu lakini boti haisogei. Hapo kichwa cha motere hakina kosa, angalia chini. Kwenye motere ndogo, elisi inashikwa na kipini cha chuma laini ambacho kimetengenezwa ili kikatike elisi ikigonga jiwe, na kuokoa gia. Kapiteni mwenye akili anafunga vipini viwili vya akiba kwa waya ndani ya kifuniko. Kwenye motere kubwa, ni mpira wa ndani ya elisi unaoteleza. Ukienda pole pole sana unaweza kufika.

Usiku, kuko nyavu. Wavuvi wa sambaza wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa zinawaka, na nyavu ziko chini yao. Ukipita karibu, utawaharibia kazi, na uzi wa wavu utajizungusha nyuma ya elisi, utakata mpira unaozuia maji. Baada ya juma utafungua wili ya gia uikute imekuwa nyeupe kama kahawa ya maziwa. Hiyo maana yake maji yameingia, na gia zinaanza kula kutu. Zunguka mbali na taa zao.

Wili, na hewa ya mlimani

Motere nyingi za hapa ni za tempo mbili: wili inachanganywa ndani ya esanse. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50. Hesabu yake: bido ya lita 25 inataka nusu lita ya wili, bido ya lita 20 inataka mililita 400. Motere mpya, katika saa zake za kwanza, inataka mara mbili ya hiyo. Kitabu cha motere yako ndicho chenye neno la mwisho, maana kuna zenye kipimo kingine. Usipime kwa jicho. Usitumie wili yoyote uliyoikuta: ile ya motere za majini ina maandishi TC-W3 juu ya chupa. Na kama motere yako ni ya tempo nne, usichanganye kitu. Wili yake ina mahali pake.

Watu wanaogopa kuunguza motere, wanaongeza wili «kidogo kwa ajili ya usalama». Matokeo ni moshi, buji nyeusi, na motere inayokataa asubuhi. Na hapa Kivu tuna sababu nyingine ya buji nyeusi ambayo wengi hawaifikiri. Ziwa letu liko kwenye mita 1460 hivi juu ya bahari; Tanganyika, kule Uvira na Kalemie, iko karibu mita 770. Hapa kwetu hewa ni nyepesi. Motere iliyopangwa kwa ajili ya bahari inaleta esanse ya bahari na kupata hewa ya mlimani: esanse inazidi hewa. Inapoteza nguvu pia. Motere ya nguvu 40 inafanya hapa kazi kama ya 34 hivi. Fundi anaweza kubadilisha jikleri ya karibiratere ili kupunguza esanse, lakini nguvu iliyopotea hairudi yote. Na motere hiyo hiyo ikipelekwa Uvira, jikleri ya zamani lazima irudishwe, la sivyo itakosa esanse na kuungua. Mwenye boti anayehesabu watu kulingana na namba iliyoandikwa juu ya kifuniko anajidanganya.

Na zile jeti-ski?

Kuna vyombo vidogo vya kuendesha mtu mmoja ao wawili, ambavyo tunaviona mbele ya mahoteli siku za mungu. Maulizo ni yaleyale, isipokuwa la tano. Jeti-ski haina elisi nje. Inanyonya maji chini ya tumbo na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Kwa hiyo inanyonya pia plastiki, majani na kamba. Ikilia sana bila kwenda, mara nyingi kuna kitu kimekwama kwenye chujio ya chini. Usiingize mkono kabla ya kuzima na kutoa kamba ya usalama. Na usiiwashe karibu na ufuko ambapo maji hayafiki kiunoni: itameza mchanga na mawe, na kuharibu pompi yake.

Ikianguka majini

Hutokea: vifungo vya nyuma vimelegea, motere inatumbukia. Kama ilikuwa inatembea wakati ilipoanguka, usivute kamba kwa nguvu, maana maji hayakandamizwi na unaweza kupinda chuma cha ndani. Toa buji, pindua ili maji yatoke, zungusha pole pole kwa mkono. Maji ya Kivu hayana chumvi ya bahari, hiyo ni bahati yetu, lakini kutu haingoji. Mara inapotolewa majini na kupata hewa, saa zinahesabiwa. Tia wili kidogo kwenye matundu ya buji, tia esanse mpya, iwashe siku ileile, iache itembee nusu saa. Usiiache kwanza mpaka juma lijalo.

Nani analipa turbini?

Nilimuuliza yule fundi kwa nini motere nyingi zinakufa kwa magonjwa yanayojulikana. Alicheka kidogo.

— Kapiteni anajua. Anasikia motere iko inabadilisha sauti, anaona maji inatoka kidogo. Anaenda kuambia mwenye boti. Mwenye boti anamuuliza: «Inatembea ao haitembei?» Anasema: «Inatembea.» «Basi, tembeza.»

Hapo ndipo ugonjwa wa kweli ulipo. Kapiteni wengi wanalipwa kwa safari. Boti ikilala siku moja kwa ajili ya turbini, yeye na watoto wake wanalala njaa siku hiyo. Mwenye boti yuko mjini, anangoja hesabu ya jioni. Msafiri haulizi, juu hajui la kuuliza. Kwa hiyo kagurudumu ka mpira kanakobadilishwa kila mwaka kanaendelea mwaka wa pili na wa tatu, mpaka siku ya upepo.

Wenye boti, fanyeni hesabu nyingine: turbini, buji mbili, chujio na bomba jipya, vyote pamoja havifikii bei ya kutengeneza motere iliyoungua. Na motere haifikii bei ya mtu. Ndani ya kila boti iwekwe sanduku moja: ufunguo wa buji, buji mpya, turnavisi, pensi, kamba ya akiba ya kuwashia, waya, vipini vya elisi, toshi. Na pagai mbili nzima.

Kapiteni, motere ikizima, kwanza waambie watu wakae chini na wafunge jile. Mtu mmoja akamate pagai ashike pua ya boti kwenye upepo. Piga simu ya kwanza wakati batri ya simu bado ina moto. Kiisha ndipo uulize maulizo matano. Ukitumia kamba ya akiba juu ya gurudumu la motere, mtu yeyote mwenye kitenge ao shali asogee mbali.

Na sisi wasafiri, tunaweza kutazama vitu vitatu kabla ya kulipa: motere inatoa uzi wa maji? Pagai ziko? Jile iko kwa kila mtu? Kapiteni akikasirika, mwambie pole pole: kapiteni, ni boti yako lakini ni maisha yetu sote.

Siku mbili nyuma nilirudi Idjwi na boti ileile. Kijana alinitambua, akacheka kwa haya. Watu walipomaliza kupanda, aliinama nyuma, akageuza kile kisukurubu cha kizibo, akaweka kidole juu yake kama mtu anayehakikisha mlango umefunguka. Kisha akakamua mpira, akavuta kamba mara moja. Maji yalitoka kwa uzi mnene. Pagai zilikuwa mbili.